Kontrola ya CNC ya mbao inajizima na kuwaka yenyewe, shida iko wapi?

Randa_Chumbageni

Wakuu, habari za kazi. Nina ruta ya CNC ya mbao (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), meza milimita 1300 kwa 2500, iko karakana ya Chumbageni hapa Tanga. Spindo, yaani mota inayozungusha kisu, ni kilowati 3 ya kupozwa kwa maji, inaendeshwa na inveta ya fezi moja, kile kifaa kinachopanga kasi yake. Kontrola ni ile ya rimoti ya mkononi yenye kioo kidogo, imeunganishwa na kadi iliyo ndani ya paneli. Pawasaplai ziko mbili. Ya kwanza ni ya volti 24, ampea 6, inalisha kadi, relei na feni za paneli. Ya pili ni ya draiva tu, zile zinazoendesha mota za kusogeza mihimili. Sensa za mwisho wa mihimili (X ni upana wa meza, Y urefu, Z juu na chini) zinachukua umeme wake kwenye kadi.

Shida ni kwamba kontrola inajizima na kuwaka upya. Kioo kinakuwa cheusi kama nusu sekunde, nembo inatokea, halafu inadai mashine irudishwe sifuri. Inafanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na kuna siku haifanyi kabisa. Kwenye vigoda na fremu za picha haijawahi kunisumbua. Ikija milango ya futi saba ndiyo balaa, mninga unaharibika nakshi ikiwa nusu. Juzi imejizima hata spindo ikiwa imezimwa, nilikuwa nasogeza tu kwa vitufe.

Nimebadili flashi, nimebadili kebo ya rimoti, nimekaza skrubu zote za paneli. Pawasaplai ya 24 nikipima kwa mita inasoma 24.1. Aliyeniuzia anasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Naomba mawazo kabla sijatoa hela.

Umeme_Makorora

Kadi iache kwanza, mkuu. Kadi iliyokufa haiwaki tena ikaendelea na kazi siku nzima kama si kitu. Ndani yake kuna saketi inayochunga volti. Zikishuka chini ya kiwango, saketi hiyo inaisimamisha prosesa makusudi na kuianzisha upya, ili isije ikatoa amri za ovyo kwa mota. Huenda kadi yako inafanya kilichotakiwa na wewe unaipigia kelele.

Kinachotakiwa ni kujua nani anatangulia kuzimika. Tegesha simu irekodi video, mlango wa paneli ukiwa wazi, ipate kwa pamoja namba za inveta, taa ya kijani ya pawasaplai ya 24 na taa za draiva. Mkono usiingie, humo ndani kuna 230. Iache irekodi mpaka itokee.

Vikififia vyote kwa pamoja, laini ndiyo inayokusaliti. Inveta ikibaki na taa ya kijani ikakonyeza, shida iko kwenye pawasaplai au kwenye kitu kinachoivuta chini. Taa ya kijani ikitulia tuli huku rimoti inawaka upya, hapo ndipo tutazungumza kelele za umeme (si za sauti, ni umeme wa ovyo unaoingilia ishara), kebo ya rimoti, na mwisho kabisa kadi.

Tahadhari moja: inveta ina kapasita kubwa ndani, zinazotunza akiba ya umeme. Spindo ikiwa haina mzigo, inaweza kuvumilia umeme kukatika kidogo bila namba zake kutikisika. Kwa hiyo inveta kubaki hai haimaanishi laini yako ni safi.

Volti_Mbili

Naongezea hapo kwenye 24.1. Mita ya kawaida inasoma wastani, inabadili namba mara mbili tatu kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, na kadi inaanguka ndani ya muda kama huo. Hata kitufe cha kushika kiwango cha chini kwenye mita nyingi kinahitaji kama milisekunde 100 ndipo kione kitu. Kwa hiyo 24.1 yako ni ya kweli, ila haijibu ulichouliza. Vifaa vingi vya udhibiti vya volti 24 vinatakiwa vipate kati ya 20.4 na 28.8, na dakika nzima ya 24.1 inaweza kuficha shimo moja la volti 15.

Kinyonya vumbi kiko laini moja na mashine? Mota yake ni ya nguvu gani, na waya kutoka LUKU (mita ya umeme) mpaka paneli ni wa ukubwa gani na urefu gani?

Randa_Chumbageni

Laini moja, ndiyo. Mota ya kinyonya vumbi ni ya farasi 3, fezi moja. Waya ni 2.5, kama mita 40 kutoka LUKU, breka ni ya ampea 40.

Volti_Mbili

Basi tupige hesabu. Shaba ya 2.5 mm² ina omu 0.0074 hivi kwa mita. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni kama omu 0.59. Mota ya farasi 3 ya fezi moja ikiwaka inavuta ampea 75 hivi kwa muda mfupi kabla haijashika mwendo. 75 mara 0.59 ni volti 44 zinapotea njiani. Laini ikiwa 230 unabakiwa na 186. Ikiwa jioni na laini imeshashuka mpaka 210, unabakiwa na 166. Pawasaplai nyingi za swichi ya 115/230, ikiwekwa 230, zinataka angalau 176 au 180. Hapo inaanza kuishi kwa akiba ya kapasita zake. Ikiwa mpya akiba hiyo inatosha kama mzunguko mmoja wa umeme, na kapasita zikizeeka hata huo haufiki.

La kontrola tuliweke pembeni dakika moja. Inveta ya kilowati 3 ya fezi moja spindo ikikata kwa nguvu inavuta zaidi ya ampea 20, ongeza 14 za kinyonya vumbi. Waya wa 2.5 nyuma ya breka ya 40 ni moto unaosubiri siku, kwa sababu waya utaungua na breka inatazama. Weka 10 mm² kwa laini hiyo, au tenga laini mbili, kila moja na breka inayolingana na waya wake. Fanya hilo hata kama kontrola itapona kwa dawa nyingine.

Kaskazi_255

Mimi naona ni kelele za inveta. Spindo nyingi za bei nafuu zina pini nne kwenye plagi, na ya nne haijaunganishwa popote ndani. Zima umeme, subiri dakika 10 kapasita za inveta zishuke, halafu pima omu kati ya bodi ya spindo na baa ya ethi (waya wa ardhini) ya paneli. Ikizidi omu 1, spindo yako haina ethi, na kelele zote zinarudi kupitia fremu na waya za sensa.

Kebo ya spindo iwe ya nyuzi nne yenye wavu wa kuzuia kelele. Wavu ubanwe mzima kwa klampu upande wa inveta na upande wa spindo, usisokotwe ukawa mkia mrefu wa waya mmoja. Itengane na waya za sensa kwa sentimita 20 au zaidi, na ikilazimika kukatiza, ikatize kama msalaba. Masafa ya kukata ya inveta (mara inazokatakata umeme kwa sekunde) yakiwa juu kupita kiasi yashushe kidogo, ila spindo ya hezi 400 usiishushe mpaka chini kabisa, itapata joto na kutetemeka.

Halafu piga fimbo ya ethi ya peke yake kwa ajili ya mashine, usiichanganye na ya nyumba. Itatulia.

Umeme_Makorora

Mengine yote sawa, hilo la fimbo ya peke yake hapana, ndugu yangu. Fezi ikigusa fremu, umeme utarudi kwa njia ya udongo tu. Pwani yetu hii sehemu nyingi ukichimba kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe, na kiangazi unakauka. Fimbo ikiwa na omu 50, volti 230 zinapitisha ampea 4.6. Breka ya 40 haitajua kama kuna kitu, na fremu itabaki na umeme inamsubiri anayepanga ubao. Fimbo ya nyongeza piga ukitaka, lakini iunganishwe na ethi kuu ya jengo kwa waya wa kutosha.

Isitoshe, mwenye uzi amesema imejizima spindo ikiwa imezimwa. Kelele za inveta zinakuja inveta inapozungusha. Haziondoki kabisa kwenye orodha, ila zinakwenda chini.

Randa_Chumbageni

Video nimeipata leo asubuhi. Taa ya kijani ya pawasaplai ya 24 inakonyeza mara moja, feni za paneli nazo zinapunguza sauti kidogo, rimoti inawaka upya. Inveta haikutikisika, taa za draiva zimebaki. Kinyonya vumbi kilikuwa kimeshawaka kama nusu saa, hakikuwashwa muda huo. Pini ya nne ya spindo nimepima, omu 0.3.

Volti_Mbili

Basi kinyonya vumbi hakihusiki na hii, narudi nyuma. La waya wa 2.5 sirudi.

Nahodha_wa_Y

Someni tena swali la kwanza. Vigoda na fremu za picha salama, milango ya futi saba balaa. Wote tumelichukulia kama suala la muda, kwamba mlango unachukua saa nyingi. Lakini mlango una jambo la pili: ni mrefu. Futi saba ni milimita 2134 kwenye meza ya 2500. Kigoda kinachongwa pembeni mwa sifuri, na daraja la mashine, lile linalobeba spindo, halifiki nusu ya meza. Mlango unalipeleka daraja karibu na mwisho wa Y, na mnyororo unaobeba kebo unajikunja mahali ambapo kazi ndogo haziufikishi.

Taa ya kijani kukonyeza inalingana na hilo. Pawasaplai nyingi za aina hii zikizidiwa ampea zinajikata na kujaribu tena zenyewe. Waya wa 24 ukigusana na waya wa 0 kwa kufumba na kufumbua, inajikata, inarudi, na wewe unaona nembo. Fyuzi haikatiki, waya hauungui, hakuna alama yoyote. Na mara nyingi mashine ikisimama na ukifungua paneli kupima, kila kitu kizuri.

Kabla ya kufungua mnyororo fanya jaribio la betri, litakupa jibu bila osiloskopu (kifaa cha kuchora volti zinavyopanda na kushuka). Tafuta betri mbili za volti 12 za bodaboda au za UPS, zilizojaa, uziunge mfululizo. Zikijaa zinatoa kama 25.4, iko ndani ya kiwango. Chaja isiwepo kabisa wakati wa jaribio. Kwenye nguzo ya chanya, karibu na betri yenyewe, weka fyuzi ya ampea 2. Usiiruke hiyo fyuzi: betri haina kinga kama pawasaplai, itamwaga ampea mia na zaidi mpaka waya uwe mwekundu.

Chomoa kwenye kadi waya wa +24 peke yake, uufunge ncha kwa tepu, uweke wa betri mahali pake. Waya wa 0 wa zamani usiuchomoe. Huo wa betri ongeza juu yake, ili kadi, relei na draiva ziendelee kuwa na sifuri moja. Ukizitenganisha, amri za kadi hazitaeleweka na utadhani umeua kitu.

Sasa endesha programu ya mlango hewani, spindo imezimwa, kisu kimeinuliwa. Kadi ikitulia siku nzima wakati taa ya pawasaplai inaendelea kukonyeza, lawama ni ya pawasaplai, au relei na feni zilizobaki upande wake. Kadi ikijizima hata kwa betri na fyuzi nzima, hapo ndipo muuzaji wako ana hoja. Fyuzi ikikatika, kuna kitu baada ya kadi kinagusana.

Bandari_Fundi

Wakati umeifungua, tazama na kutu. Upepo wa bahari unaacha chumvi kwenye kadi, chumvi inanyonya unyevu, na asubuhi umeme unatambaa juu ya kadi kati ya pini. Vumbi la mbao likishikana nayo ndiyo mbaya zaidi. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, iache ikauke kabisa. Petroli na tina ya rangi visikaribie. Na chujio la feni litoe vumbi kila wiki. Kapasita za pawasaplai zikiongezewa joto la digrii 10 maisha yake yanakuwa nusu.

Randa_Chumbageni

Wakuu, majibu. Betri nimefunga kama alivyoelekeza Nahodha. Programu ya mlango hewani imezunguka kama dakika 40, daraja lilipofika Y ya 1900 hivi kontrola ikazimika moja kwa moja. Fyuzi ya ampea 2 imekatika. Taa ya kijani ya pawasaplai safari hii haikukonyeza hata kidogo.

Nahodha_wa_Y

Vizuri, ndiyo nafuu yake, sasa unajua ni upande gani. Zima kila kitu. Chomoa waya za sensa ya mwisho wa Y pande zote mbili, kwenye kadi na kwenye sensa yenyewe, kwa sababu sensa ikibaki imeungwa mita itasoma umeme wa ndani ya sensa na utapotea. Kwenye sensa za waya tatu kahawia ni +24, bluu ni 0, nyeusi ni ishara.

Weka mita kwenye omu, kahawia na bluu. Inatakiwa isisome kitu. Mtu mwingine asukume daraja kwa mkono taratibu kutoka sifuri mpaka mwisho, akifika 1800 aende kwa sentimita moja moja huku anatikisa mnyororo. Wewe usiondoe macho kwenye mita. Rudia kahawia na wavu, halafu kahawia na fremu. Sensa nyingine zinazopita mnyororo huo huo, za X na Z, zipime vilevile, usiishie ya kwanza utakayoikuta mbovu.

Randa_Chumbageni

Nimeipata! Kahawia na bluu ya sensa ya Z, siyo ya Y. Mita haisomi kitu njia nzima, ikifika kama 1890 inaruka mpaka omu 2, ukisogeza sentimita tatu inapotea tena. Nimefungua vifuniko vya mnyororo: kebo ya sensa ni ile ngumu ya kawaida, imefungwa kwa tai ya plastiki katikati ya mnyororo, na kebo ya spindo imelala juu yake. Ganda la nje limepasuka kama ukucha hapo kwenye tai, ndani shaba ya kahawia inaonekana inang'aa. Sensa za X na Y ziko salama.

Niunge kwa risasi na kuvika tepu, au nibadili kebo nzima?

Nahodha_wa_Y

Badili nzima. Kiungo cha risasi ndani ya mnyororo kinakatika tena mahali risasi inapoishia, kwa kuwa hapo waya umekuwa mgumu na jirani yake ni laini. Nunua kebo ya nyuzi nyembamba iliyotengenezwa kwa mnyororo. Mkunjo wa mnyororo uwe na nusu kipenyo kisichopungua mara 7.5 hadi 10 ya unene wa kebo nene kuliko zote humo ndani, na hiyo ni ya spindo. Kebo ya milimita 12 kwenye mnyororo wa mkunjo wa milimita 55 itakufa mapema hata ikiwa ya bei gani.

Tai ndani ya mnyororo hazitakiwi kabisa. Kubanwa ni kwenye ncha mbili tu, katikati kebo zilale huru, zisipandane. Ya spindo iwe upande wake na kigawanyo katikati, hapo hata alichosema Kaskazi umekitimiza.

Umeme_Makorora

Na usirudishe mpangilio ule ule kwenye paneli. Sensa zipe tawi lake la 24 lenye fyuzi ya nusu ampea, zisichukue tena umeme kwenye kadi. Sensa moja inakula milliampea 10 au 15, kwa hiyo nusu ampea inatosha kwa zote. Sifuri ibaki moja. Siku waya ukigusana, fyuzi hiyo ndogo ikikatika kontrola itabaki hai na itakuandikia kosa la sensa badala ya kukuzimikia kimya. Ila pawasaplai nyingine za swichi zinajikata haraka kuliko fyuzi inavyokatika, kwa hiyo ukiweza ipe kadi pawasaplai yake ndogo ya ampea 2 peke yake, na hii ya 6 ibaki na sensa, relei na feni. Kama relei zako hazina dayodi kwenye koili, weka dayodi ya 1N4007, upande wenye mstari kwenye chanya.

Randa_Chumbageni

Kebo nimebadili jana, tai nimezitoa, sensa nimezipa tawi lake. Mlango mmoja wa mninga umeisha saa sita mfululizo, wa pili uko mezani sasa hivi. Pawasaplai ndogo naifunga wiki ijayo. Volti_Mbili, waya wa 10 mm² nimeambiwa nichukue wa kutandaza, wa nyuzi nyingi. Ni sawa, au wa nyuzi saba?

Volti_Mbili

Ukipita kwenye bomba la ukutani, wa nyuzi saba. Wa nyuzi nyingi nao haukatazwi, lakini kila ncha iingie kwenye kifuko cha shaba kilichominywa kwa koleo lake ndipo skrubu ya breka ibane. Ukibana nyuzi tupu zinatawanyika, baada ya wiki chache skrubu inalegea, breka inaanza kunuka. Na breka ya 40 iache hapo hapo, kwa 10 mm² inafaa.